Ulimi wa Kuazima

Chai ya Jumapili ile ilikuwa na chumvi vijiko vinne, na mtu pekee aliyeinywa bila kukunja uso ni yule aliyeipika.

Mama Pacha alimaliza kikombe kizima, akapangusa midomo, akajiongeza nusu. Mbele yake alikaa wifi yake, dada wa mumewe, mhudumu wa meza katika mkahawa uleule ambamo yeye Mama Pacha alikuwa mpishi. Upande wa dirisha alikaa mumewe, Baba Pacha, fundi wa vigae. Kati yao walibanana mabinti wao wawili wa miaka tisa, na wote wawili walimtazama mama yao kama watu wanaosubiri glasi ianguke.

"Mama, hii chai ina..." alianza yule aliyezaliwa wa pili, ambaye siku zote ndiye mwenye mdomo.

Baba yake akamkanyaga chini ya meza. Alikanyaga kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Mtoto akalengwalengwa na machozi, akaambiwa chai ni ya moto, apulize.

"Ina nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Ina majani mengi," Baba Pacha alisema, na kwa kuthibitisha akanywa chake chote kwa mkupuo mmoja, akatua kikombe. "Nzuri."

Wifi alikuwa amepiga fundo moja tu. Alilishikilia shavuni kwa muda, akalisukuma chini, kisha akamtazama Mama Pacha kwa utulivu wa mtu anayesoma tangazo ukutani. "Tamu," alisema. "Chai yako siku zote tamu, wifi yangu." Hakuigusa tena. Alizungumza habari za viatu na za baridi, akaaga mapema kuliko kawaida yake, na alipofika kwenye ngazi hakugeuka kupunga mkono.

Mficha maradhi kilio humfichua, na katika nyumba ile maradhi yalikuwa yamefichwa wiki tatu. Homa ya mafua ilikuwa imewalaza wote siku nne. Wengine waliamka wazima. Mama Pacha aliamka mzima isipokuwa pua na ulimi. Kitunguu kikawa maji, sabuni ikawa hewa, kichwa cha mtoto alichozoea kukinusa kabla ya kulala kikawa nywele tu. Angekuwa mshona nguo angesema Mungu mkubwa, akaendelea kushona. Lakini yeye alikuwa analishwa na ulimi wake, yeye na watu wake watatu wa nyumbani.

Mkahawa ule ulijitangaza kwamba unalisha dunia nzima. Kila wiki nchi moja. Mteja alipewa kijitabu mfano wa pasipoti, na kila alipokula chakula cha nchi ngeni aligongewa muhuri. Mihuri kumi, sahani moja ya bure. Watu ambao hawajawahi kuvuka mto wa mji wao walijigamba kwamba wamefika nchi ishirini. Mwenye mkahawa, ambaye wafanyakazi walimwita bosi mbele yake na Tajiri nyuma yake, hakuwa amenunua hata kitabu kimoja cha mapishi. Alikuwa na Mama Pacha. Alimvalisha vizuri, akamketisha mezani kwenye mkahawa wa watu wengine kama mgeni wake, akamwagizia chakula. Mama Pacha alikula polepole akiwa amefumba macho, na baada ya siku tatu chakula kilekile kilitoka jikoni kwa Tajiri, kwa bei nafuu kidogo. Kwa njia hiyo alikuwa amekula nchi thelathini na moja. Kazini hawakumwita jina. Walimwita Ulimi.

Kibali chake cha kuishi ugenini kilikuwa kimeandikwa kwa jina la mkahawa, na kila mwaka kilihitaji barua ya mwajiri. Chini ya kibali hicho walining'inia watoto na mume. Kwenye kadi ya Baba Pacha paliandikwa neno moja kwa herufi kubwa: MTEGEMEZI. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na mbili, aliyetandaza vigae kwenye vyoo na bafu za watu wasiojua hata sura yake, lakini kila alipotoa kadi ile, lile neno lilimtangulia kuamkia.

Barua ya mwaka huo ingetiwa saini Ijumaa.

Wifi alipoondoka, Baba Pacha alilichukua kopo la sukari ambalo mmoja wa pacha alilijaza chumvi kwa makosa, akalimwaga, akaliosha, akajaza sukari. Yeye hakumwambia mkewe kitu. Aliona amelemewa vya kutosha.

&nbsp;

Jumanne mchana Tajiri alimpeleka kula. Alimpa, kama kawaida, lile koti jeusi la kike lililokaa ofisini kwa kazi hiyo tu. Lilikuwa na marashi ya mwanamke mwingine yaliyoganda kwenye kola, na kwa miaka sita Mama Pacha alikuwa akiyachukia. Siku hiyo aliinamisha pua kwenye kola makusudi, akitamani kuyachukia tena. Hakusikia kitu.

Mkahawa wenyewe ulikuwa mpya, wa nchi ya thelathini na mbili, wenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu wasiotabasamu. Hawakufunga chakula cha kubeba. Unakula hapo au huli. Sahani ilikuja na vipande vya nyama vilivyozama kwenye mchuzi mweusi unaong'aa kama kiatu kipya.

"Haya, Ulimi," Tajiri alinong'ona. "Nchi nzima hiyo. Meza."

Alitia kipande kinywani. Kilikuwa cha moto. Kilikuwa laini. Kilikuwa na nyuzi. Basi. Alifumba macho, si kwa kuonja bali kwa sababu Tajiri alipenda kumwona akifumba, na gizani humo alitafuta huku na huku kama mtu aliyeangusha ufunguo mchangani.

"Unaona nini?"

"Naona mbali, bosi." Huo ulikuwa utani wao wa siku zote, na Tajiri akacheka hadi meza ya jirani ikageuka.

"Ijumaa saa tano, kabla wateja hawajaingia, nataka niionje. Nikishaonja, barua yako natia saini palepale. Mwaka mwingine. Watoto wako wasome, mumeo akwangue vyoo vyake."

"Asante sana, bosi."

"Usinishukuru mimi. Shukuru huo ulimi."

&nbsp;

"Utaenda wewe," alimwambia mumewe jioni hiyo, wakiwa wamesimama jikoni, mlango umefungwa.

"Kwenda wapi?"

"Kula."

Baba Pacha alicheka. Mkewe alikuwa amekula dunia. Yeye kwa miaka sita alikuwa amekula wali na maharage, kwa sahani ileile yenye ukingo wa buluu. Akiletewa kipande cha kitu kigeni alikuwa akikirudisha na kusema tumbo lake halikupewa kibali cha kusafiri. Lakini alipomwona mkewe hacheki, aliacha kucheka.

"Sahani ya tatu kutoka juu kwenye karatasi yao. Uonyeshe kwa kidole, usihangaike kutamka. Kipande cha kwanza usitafune. Kiweke juu ya ulimi, hesabu mpaka kumi. Kinachokuja kwanza ukikumbuke. Kinachokuja mwisho ukikumbuke zaidi."

"Mama Pacha, huku ni kula au ni mtihani?"

"Ni mtihani. Macho ninayo, nimeuona mchuzi, najua uzito wake, najua nyama ilikatwaje. Sina ladha tu. Ladha niletee wewe. Utakuwa ulimi wangu siku moja, baba, siku moja tu."

Alifungua kopo la hela za viatu vya pacha. Alizitoa noti zote, akazikunja mara nne kama alivyokunja noti zote maishani mwake, akazitia kwenye mfuko wa shati la mumewe na kufunga kifungo kwa mkono wake mwenyewe.

&nbsp;

Jumatano Baba Pacha alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akasugua kucha kwa brashi mpaka zikawaka moto. Lakini unga wa kuzibia vigae ukishakaa miaka kwenye mipasuko ya vidole hautoki kwa brashi. Mhudumu aliyesimama mlangoni alimtazama kuanzia viatuni kwenda juu, na macho yake yakaishia mikononi.

"Mizigo mlango wa nyuma."

"Mimi nimekuja..."

"Nyuma, kaka. Zunguka hapo. Wanakusubiri tangu saa nne."

Yapo majibu mengi ambayo mtu angeweza kutoa pale. Angeweza kusema, nimekuja kula. Angeweza kugonga mfuko wa shati. Lakini miaka sita ya lile neno kwenye kadi ilikuwa imeizoesha miguu yake kwenda inakoambiwa, na kabla hajaamua lolote miguu ilikuwa imeshazunguka.

Nyuma palikuwa na gari la vitunguu na mwanamke wa jikoni aliyevaa aproni. "Ndio unafika? Magunia sita. Ukipita usiguse ukuta, umepakwa rangi jana."

Msomaji akitaka kumcheka, amcheke. Baba Pacha alijiambia atabeba moja tu, akifika ndani atamkuta mtu mwenye akili amweleze. Aliposhusha la pili, kueleza kulikuwa kumekuwa kugumu kuliko kubeba. Angesemaje? Kwamba yeye ni mteja, ila ameamua kwanza kuwasaidia vitunguu? Akabeba la tatu. Akiwa na la nne begani alipita karibu na jiko, na kutoka kwenye sufuria pana ulimjia mvuke usoni: sukari, ganda la chungwa, tangawizi. Ndio huu, alijiambia, na moyo ukampiga kwa furaha. Alisimama, akavuta pumzi mara mbili, akahesabu mpaka kumi kama alivyoagizwa.

Ile ilikuwa shira ya kumwagia keki. Mchuzi mweusi ulikuwa kwenye sufuria nyingine, umefunikwa.

"Wewe, unatazama nini?" mpishi mmoja alimpigia kelele. "Shusha, toka!"

Baada ya gunia la sita yule mwanamke alimpa mkate na kumpigapiga bega kama punda aliyefanya vizuri. Kutoka mlango wa nyuma hadi wa mbele zilikuwa hatua arobaini hivi. Alizipima kwa macho, kwa kuwa kupima ni kazi yake. Hela zilikuwa mfukoni, kifungo kimefungwa. Shati lilikuwa limechafuka begani. Alikwenda kukaa kituo cha basi, akaumega ule mkate, akaula wote. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

&nbsp;

Mkewe alikuwa anamngoja na daftari la shule la mmoja wa pacha, amelifungua ukurasa wa nyuma.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Walikuweka wapi?"

"Karibu na dirisha." Uongo wa kwanza ulikuwa mzito kuutoa. Uliofuata ulikuja wenyewe. "Wana adabu sana wale watu."

"Shati limekuwaje?"

"Basi lilijaa, nikaegemea mlango."

"Haya. Kipi kilikuja kwanza?"

"Utamu."

"Utamu wa sukari, au ule wa kitunguu kilichokaangwa mpaka kikalegea?"

"Wa sukari."

"Halafu?"

"Uchungu kidogo. Wa ganda la chungwa, nadhani. Halafu mwisho tangawizi, inakuchoma hapa." Alijigusa koo.

Mama Pacha aliandika upesi, ulimi wake usio na kazi umebanwa pembeni mwa meno. "Uchachu?"

"Uchachu hapana."

Akainua macho. "Una uhakika? Mchuzi mweusi namna ile, usiwe na uchachu kabisa?"

"Mke wangu, aliyekula ni nani?"

"Wewe," alisema, akainamisha kichwa, akaandika: uchachu hapana. Kisha aliweka kalamu chini, akashika ule mkono wenye mipasuko, akauweka shavuni pake. Hakuwa mwanamke wa mambo hayo mchana. "Siku zote nilisema mtu huyu hajui kula. Kumbe unajua. Baba Pacha, leo umenibeba."

Neno lilimpanda mpaka kwenye meno. Angelisema. Lakini pacha waliingia wakigombania penseli, mkewe akageuka kuwaamua, na walipotoka alikuwa ameshamwagia sukari kwenye kikaango akiimba. Ilikuwa mara ya kwanza kuimba tangu homa. Nani angeukata wimbo ule? Mume mwenye nguvu kuliko yeye labda. Yeye alikwenda kwenye mfuko wake wa vifaa vya kazi, akazisukuma zile noti ndani ya pedi ya magoti, akatulia.

&nbsp;

Ijumaa saa tano jikoni walikuwa watu wanane, wote wamesimamisha kazi. Barua ilikuwa juu ya meza ya chuma, kalamu juu yake. Mama Pacha alikuwa ameivaa aproni yake mpya. Mchuzi uling'aa kama ule wa kule, ulitiririka kama ule wa kule, na nyama ilikatwa kama ya kule. Kwa macho hakuna mtu angeutofautisha.

Tajiri alichovya kijiko. Akaonja. Akachovya tena, akaonja tena. Akaweka kijiko chini taratibu.

"Mtamu," alisema.

Mama Pacha alitabasamu, akatazama kalamu.

"Mtamu kama keki. Ule wa kule ni mchachu, Ulimi. Mchachu mpaka taya zinauma. Hata mimi mwenye ulimi wa ng'ombe niliusikia." Alivuta kitambaa cheupe cha mezani, akakikung'uta. "Labda umechoka. Mimi si mtu mbaya, nitakupa nafasi. Wewe," alimwita Wifi aliyesimama mlangoni na trei, "mfunge macho."

Wifi aliweka trei chini. Alimfunga wifi yake macho, mafundo mawili, nyuma ya kichwa.

"Vijiko vitatu," sauti ya Tajiri ilisema. "Kimoja ni mchuzi wako wa leo, uliopika kwa mkono wako. Sema ni kipi, natia saini na yote nimesamehe. Mama hapotezi mtoto wake."

Kijiko cha kwanza kiligusa midomo yake, na pamoja nacho mlio wa bangili. Alijua ni Wifi anayemlisha. Akapata matumaini. Huyu ni shangazi wa watoto wangu, alijiambia. Kwenye kile chenyewe atagonga jino kidogo, au atakawia kukitoa. Alimeza: majimaji, vuguvugu. Kijiko hakikugonga. Cha pili: majimaji, vuguvugu. Hakikugonga. Walikuwa wameichuja na kuizimua michuzi yote mpaka ikawa sawa kwa uzito. Mtu aliyepanga hivyo alijua anachokipanga. Cha tatu: majimaji, vuguvugu, na ndani yake punje mbili tatu zilizokwama kwenye fizi. Tangawizi, aliwaza kwa furaha. Nyuzi za tangawizi yangu.

"Cha tatu," alisema. "Cha tatu ndicho changu."

Mtu wa kwenye masinki akapasuka kicheko, na wengine wakamfuata. "Kameza! Jamani, kameza!" Kitambaa kilipotolewa alimwona Wifi na bakuli tatu. Ya tatu ilikuwa ya maji ya kusuuzia masufuria, yenye punje za wali na povu dogo la sabuni pembeni.

Tajiri hakucheka. Aliikunja barua, akaitia mfukoni, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. "Tangu lini?"

"Wiki tatu." Hakukuwa na sababu ya kuficha tena. "Lakini wiki tatu hizo hakuna sahani iliyorudi, bosi. Hakuna mteja aliyelalamika. Walikula, wakagongewa mihuri yao, wakaenda."

"Hilo," Tajiri alisema kwa sauti ya chini, "usilitamke tena humu ndani. Aproni acha hapo."

"Nani amekwambia?"

"Nani mwingine? Wifi yako alikunywa kwako chai ya chumvi. Vijiko vizima vya chumvi. Nyumba nzima wameinywa, na wewe ukamaliza kikombe, ukaongeza."

Wifi alikuwa anazikusanya bakuli. "Mimi sikusema," alisema bila kumtazama. "Niliulizwa. Nilikudhamini kwa jina langu, wifi, na mimi pia nina kibali."

Mama Pacha alipotoka alipitia ukumbini, kwa kuwa hakuwa tena mtu wa mlango wa jikoni. Mteja wa kwanza wa siku alikuwa kwenye kaunta na kijitabu chake kimefunuliwa. Muhuri ukagongwa, paa! "Nchi ya kumi!" mteja aliwaambia watu wote, na mtu akampigia makofi.

&nbsp;

Njia nzima ya kurudi hakuwaza barua, wala ndege, wala shule ya watoto. Aliwaza chai. Wifi alikunywa fundo moja, akasema tamu. Mtoto alitaka kusema, akatoka machozi. Sasa alijua machozi yale yalikuwa ya nini. Na mumewe alikunywa kikombe kizima cha chumvi mbele yake, akakitua mezani kwa uso mkavu, akasema nzuri.

Uso ule aliuona tena Jumatano. Karibu na dirisha. Wana adabu sana wale watu.

Alifika nyumbani, akabandika maharage. Yalipoiva alifungua pakiti ya chumvi, akaingiza mkono, akatoa ngumi nzima, akaitia kwenye sahani yenye ukingo wa buluu chini kabisa, akamwagia maharage juu, akakoroga. Pacha aliwapa mkate na maziwa, akawaambia wasiguse sufuria.

Baba Pacha aliingia saa kumi na mbili, magoti meupe. Alimwona mkewe macho mekundu, aproni hana, na swali lililokuwa mdomoni mwake likapungua sauti. "Wamesemaje?"

"Kula kwanza."

Aliketi. Kijiko cha kwanza kilipopita, koo lilikataa. Alililazimisha. Alimtazama yule mwanamke mbele yake na akaelewa, au akadhani ameelewa: mkono wake nao umepotea, maskini, hata maharage sasa hawezi. Leo si siku ya kumwambia. Lilikuwa pendo, kama lazima lipewe jina, na hakuna kitu kilichomwangamiza kama lile pendo.

"Yakoje?" Mama Pacha aliuliza.

"Matamu," alisema, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "Matamu kama siku zote."

Mama Pacha alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Jumapili mlikunywa chai yangu ina chumvi. Hukuniambia."

Kijiko kikasimama.

"Na hayo maharage yana ngumi nzima. Nimeitia mimi, kwa mkono huu, nikijua. Sasa niambie, Baba Pacha. Kule ulikula?"

Pacha waliacha kutafuna. Baba yao akainuka, akaenda kwenye mfuko wake wa vifaa karibu na mlango, akatoa pedi ya goti, akaingiza vidole viwili ndani yake. Alirudi akaweka noti kando ya sahani. Zilikuwa zimekunjwa mara nne.

"Walinipitisha nyuma," alisema. "Nikabeba vitunguu."

Mama Pacha alizitazama zile noti. Hakupiga kelele. "Barua hakutia saini," alisema. "Siku thelathini, tuwe tumeondoka."

"Mama Pacha, nisikilize. Ningekwambiaje? Ulikuwa unaimba..."

Alisukuma sahani pembeni ili aushike mkono wake. Mkewe akairudisha sahani mahali pake.

"Maliza."

"Mke wangu."

"Umesema matamu. Maliza."

Akala. Alikula huku machozi yanamtoka, na hakuna aliyeweza kujua yapi ya chumvi na yapi ya mengineyo. Yule pacha mwenye mdomo aliteremka kwenye kiti kwenda kumletea baba yake maji, na mama yake akamwambia kwa upole arudi akae, maji ni baadaye. Baba Pacha alimaliza. Alikwangua sahani mpaka chini kabisa, mpaka kijiko kikalia kwenye ukingo wa buluu, akainua macho kumtazama mkewe.

Mama Pacha alichukua upawa na pakiti ya chumvi, akamwongeza.